Kamba ya Mgomba kwenye Mkono wa Pampu

Katika miaka ya sabini, ukifika Ikonge siku ya soko na kuuliza ni nani awezaye kutengeneza bomba la kunyunyizia ng'ombe dawa, ungeelekezwa kwa Zachariah Obwocha. Ungemkuta nyuma ya nyumba yake, ameketi juu ya kigoda, vyuma vyako amevipanga juu ya jani la mgomba kama chakula cha mgeni. Angekutengenezea. Kisha, kabla ya kukurudishia, angelijaza maji, akalisukuma mpaka likaze, akaliweka chini, akaanza kukuuliza habari za nyumbani moja baada ya nyingine mpaka zikuishe. Hakuwa na haja na habari zako. Alikuwa akingoja kuona kama bomba litavuja.

Wengi walimcheka kwa kungoja kwake. Wachache walijua kwamba mikono ile ndiyo iliyokitia joto kiwanda cha chai walichokitegemea, na kwamba mwenye mikono aliachishwa kazi kwa barua ya mistari mitatu. Jambo hilo halikustahili kufichwa, wala si haki liendelee kusimuliwa kwa kunong'onezana.

Alizaliwa mwaka wa 1936. Yeye na Ishmael Mogire, mtoto wa boma la jirani, walitahiriwa asubuhi moja ya baridi, wakauguza majeraha katika nyumba moja, wakala kutoka chungu kimoja. Waliotoka pamoja katika nyumba ile huhesabiana kama watoto wa tumbo moja, na hivyo ndivyo Obwocha alivyomhesabu Mogire tangu siku hiyo. Wote wawili walibatizwa Waadventista. Mogire alikuwa mwepesi wa kalamu. Alisoma, akawa karani, kisha mzee wa kanisa. Obwocha aliishia darasa la nane, akaenda Kericho kutafuta kazi katika viwanda vya chai vya Wazungu.

Huko ndiko alikoujua mvuke. Jani bichi la chai haliwezi kusagwa mpaka linyauke kwanza, na katika nchi ya mvua kama ile, hewa pekee hailinyaushi. Kwa hiyo majani hutandazwa juu ya vitanda virefu vya waya, na feni kubwa husukuma hewa chini yake. Hewa hiyo hupitishwa kwanza katika rejeta, mfano wa ile ya lori ila ni kubwa mara kumi, yenye mabomba mengi membamba ambamo mvuke kutoka kwenye boila hupita. Hewa inaingia baridi, inatoka na joto. Kazi ya Obwocha ilikuwa kuzifunga rejeta hizo, kuzipima na kuzitia mvuke kwa mara ya kwanza.

Mwaka wa 1967 msimamizi mmoja huko aliamuru rejeta mpya ifunguliwe mvuke bila kupimwa, kwa sababu majani yalikuwa yamerundikana. Kiungo kiliachia. Nyangate, kijana wa Suneka aliyekuwa akimshikia Obwocha spana, aliungua kuanzia shingoni hadi kiunoni, akafa siku ya tatu. Obwocha ndiye aliyepeleka sanduku la nguo zake kwa mama yake. Mama aliuliza swali moja tu: "Hamkujua?"

Tangu hapo akajiwekea desturi yake. Rejeta ikishafungwa, aliisafisha ndani kwa maji mengi mpaka taka za kulehemu zikatoka zote. Siku ya Ijumaa, jua likiwa bado juu ya mgomba, aliijaza maji, akaitoa hewa yote kwa juu, akaisukuma kwa pampu ya mkono hadi mshale wa geji, kipimo cha nguvu ya maji, ulipofika ratili mia moja na hamsini, ambayo ni nusu zaidi ya nguvu ya mvuke itakayoibeba. Maji yakivuja yatakulowesha. Mvuke ukivuja utakuua. Ndiyo maana alitanguliza maji. Kisha alichora alama ya chaki kwenye kioo cha geji, akaufunga mkono wa pampu kwa kamba kavu ya mgomba, akaenda nyumbani kuipokea Sabato. Hakuna aliyegusa kitu mpaka Jumamosi jua lilipotua. Mshale ukiwa bado kwenye chaki, rejeta ni nzima. Ukiwa umeshuka, haifunguliwi.

"Mungu wako ni fundi wa mabomba?" msimamizi alimdhihaki siku moja.

"Ndiyo, bwana," Obwocha alijibu. "Tena hana haraka."

Mwaka wa 1973 wakulima wadogo wa upande wa Nyamira walijengewa kiwanda chao, mwendo wa saa moja kutoka Ikonge. Kabla ya hapo majani yao yalisafirishwa mbali, na mara nyingi yalifika yamechacha, yakamwagwa. Mogire alikuwa ameteuliwa karani mkuu. Yeye ndiye aliyemwandikia Obwocha barua: "Rudi nyumbani, ndugu yangu. Usiwapashie wageni joto huku kwenu kukiwa na baridi." Obwocha alirudi wiki hiyo hiyo. Tena Mogire huyo huyo ndiye aliyempatia kazi Kwamboka, dada mdogo wa Obwocha, mjane mwenye watoto wanne. Aliajiriwa kutandaza majani kwenye kitanda cha kwanza kabisa, hatua mbili kutoka kwenye rejeta. Mwanamke huyo alimwombea Mogire kila jioni kwa jina.

Ufunguzi ulipangwa Jumatatu. Mgeni wa heshima alitarajiwa kutoka Nairobi, ng'ombe wawili walikuwa wamekwisha kutolewa, na ilijulikana kwamba mambo yakienda sawa Mogire angekuwa meneja msaidizi. Ijumaa alasiri Obwocha alisukuma pampu hadi ratili mia moja na hamsini, akachora chaki, akatoa kamba yake kavu mfukoni. Mogire, aliyekuwa na ufunguo wa mlango, alisimama akimtazama.

"Unaifunga kama ndama," alisema akicheka.

"Ndama akifunguliwa hunyonya tu," Obwocha alisema. "Huyu akifunguliwa atatula."

"Twende, mzee. Jua linatua. Mkeo atanilaumu mimi."

Kesho yake kanisa lilijaa. Baada ya ibada ya asubuhi Mogire alimwambia Obwocha kwamba anavuka mto kumwombea mgonjwa mmoja. Obwocha alisema moyoni, Mungu ambariki; mimi ningalikwenda kula kwanza. Alasiri mvua ya mawe ilishuka, ikalipiga bati la kanisa mpaka mhubiri akanyamaza, na mashamba yakawa meupe. Baridi ilikuwa kali hata watoto wakaingizwa chini ya kanga za mama zao.

Jua lilipotua, marafiki hao wawili waliingia kiwandani na taa ya mafuta. Obwocha aliinua taa kwenye geji. Mshale ulikuwa juu ya chaki, sawasawa, kana kwamba umepigiliwa msumari. Alicheka kwa furaha. Mogire alikuwa ameshika karatasi tayari: Mimi, fundi, nathibitisha kwamba rejeta imepimwa kwa maji na imestahimili. Obwocha alitia sahihi juu ya goti lake. Mogire akamkumbatia.

"Umetupa kiwanda, ndugu yangu," alisema.

Jumapili asubuhi Obwocha alirudi kuyatoa maji polepole kama ilivyo desturi. Alikuta yamekwisha kumwagwa na bomba la mvuke limekwisha kuunganishwa, kwa amri ya karani mkuu. Pampu ilikuwa imesukumwa pembeni, mkono wake bado umefungwa. Akainama aifungue ile kamba, na vidole vyake vikasita.

Kamba aliyoifunga Ijumaa ilikuwa kavu, ya kahawia, nyepesi. Hii ilikuwa laini, ina unyevu, na bado ina rangi ya majani pembeni. Kila aliyewahi kufunga mzigo wa mboga katika nchi ile anajua kwamba kamba kavu ya mgomba, ukiilazimisha kuifungua, hukatika. Na ukitaka kuifunga nyingine mahali pake, sharti uchune mbichi au uiloweshe. Mtu alikuwa ameifungua pampu. Hapo hapo akaikumbuka mvua ya mawe. Maji yakipoa, mshale hushuka. Kwa baridi ya jana ulipaswa kuwa chini ya chaki walau unene wa ukucha, hata kama rejeta ingalikuwa nzima kama yai. Ulikuwaje sawasawa kwenye alama? Yeye, fundi wa miaka kumi na saba, alikuwa ameshika taa na asiulize.

Alimwendea Onsongo, mlinzi wa mchana, Mkatoliki mcheshi aliyekuwa akichoma mahindi langoni.

"Onsongo, nani aliingia jana?"

"Jana? Mzee wenu wa kanisa peke yake. Saa kumi na moja, mvua ya mawe ilipokatika. Nikamwambia, mzee, leo si Sabato yenu? Akasema amekuja kuiombea mashine."

"Akaiombea?"

"Aliiombea sana! Mimi nilikuwa nje, nikasikia maombi yenyewe: kwii, kwii, kwii." Onsongo alishusha na kupandisha mkono kama mtu asukumaye pampu, akicheka. Kisha akauona uso wa Obwocha, akaacha kucheka. "Nimekosea nini, fundi?"

"Wewe hujakosea."

Alitembea hadi kwa Mogire. Alimkuta uani, akipigiwa pasi koti la kesho. Mogire alimfukuza binti aliyepiga pasi, akaketi.

"Ulisukuma pampu," Obwocha alisema.

Mogire hakukana, na hilo ndilo lililomuumiza Obwocha kuliko kukana. "Mshale ulikuwa umeshuka kidogo. Kidogo tu, Zachariah. Ratili ishirini."

"Ratili ishirini kwa siku moja, kwa maji baridi! Mvuke utaing'oa gasketi, ile pete ya kuziba kiungo, kama jino la mtoto. Nipe karatasi yangu."

"Iko kwa meneja."

"Basi tumwambie meneja tupime upya."

"Kesho mgeni anakuja! Unajua ni majani ya miaka mingapi yamemwagwa barabarani? Unataka wakulima waambiwe warudi nyumbani kwa sababu ya tone la maji?"

"Dada yangu anasimama hatua mbili kutoka hapo. Wewe ndiye uliyemweka."

"Nilimweka, ndiyo," Mogire alisema polepole. "Na wewe ndiye uliyetia sahihi. Ikitokea shida, karatasi haina jina langu."

Obwocha alimtazama mtu huyo aliyelala naye kwenye majani mamoja, akiwa na kidonda kimoja na hofu moja. Alitaka kumtafuta ndani ya uso ule, asimpate. Aliondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika boma lile tangu utotoni.

Jumatatu vitanda vilijaa majani, na wanawake walisimama kando yake kwa vitambaa vyeupe kichwani, Kwamboka wa kwanza. Wakulima walijaa hadi mlangoni. Meneja, kijana msomi aitwaye Walter, alikuwa akimwonyesha mgeni wa heshima feni. Andrew, mtu wa boila, alikuwa amekwisha kupandisha mvuke, na mkono wake ulikuwa juu ya gurudumu la vali.

Obwocha alipita katikati ya watu, akamshika Kwamboka mkono.

"Toka hapo."

"Kaka, niache," Kwamboka alinong'ona. "Nitapoteza kazi. Watu wanatazama."

"Watazame." Akamgeukia Walter, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Bwana meneja, rejeta hii inavuja. Isifunguliwe."

Minong'ono ikazuka. Walter alitoa karatasi kwenye faili. "Fundi, hii si sahihi yako?"

"Ni yangu. Nilidanganywa, nikaitia. Mshale ulipandishwa siku ya Sabato."

"Na nani?"

Obwocha alimtazama Mogire, akimpa nafasi. Mogire alipiga hatua mbele, akamwekea mkono begani kwa huruma, mbele ya watu wote.

"Mniwie radhi, waheshimiwa," alisema. "Ndugu yangu huyu amefanya kazi bila kupumzika. Tangu kijana mmoja aungue mbele yake kule Kericho, akili yake huingiwa na hofu. Sisi tuliokua naye tunamjua. Tumsaidie akapumzike."

Hapo ndipo Obwocha alipomaliza kusalitiwa. Pampu aliweza kuisamehe. Mtu anaweza kushindwa na tamaa alasiri moja akatubu usiku. Lakini kifo cha Nyangate alikuwa amemsimulia Mogire peke yake, akilia, na leo kilikuwa kimegeuzwa fimbo ya kumpigia. "Mtoeni!" mkulima mmoja alipaza sauti. "Chai yetu inaoza!"

Obwocha aliuondoa mkono ule begani. "Sawa," alisema. "Nitakwenda kupumzika. Ila Kwamboka ni mtu anayetegemewa, ana watoto wanne. Mzee Mogire yeye anaiamini karatasi. Asimame yeye mahali pa Kwamboka, Andrew afungue mvuke, na mimi nitakwenda zangu."

"Haki kabisa," sauti ya Onsongo ilisikika kutoka mlangoni. "Si aliiombea?"

Watu wengine walicheka. Walter alimtazama karani wake mkuu na kumwonyesha kwa mkono pale kando ya kitanda cha kwanza, hatua mbili tu. Mogire alirekebisha koti. Alisema suti hii si ya kiwandani. Alisema wageni wanasubiri. Alisema mengi, na muda wote huo miguu yake haikusogea. Kicheko kikafa. Andrew, bila kuambiwa na mtu, aliondoa mkono wake kwenye gurudumu.

"Leteni pampu," Walter alisema.

Bomba la mvuke lilitenganishwa, maji yakajazwa, na Obwocha akasukuma mbele ya wote. Mia. Mia na ishirini. Mia na arobaini. Kabla ya kufika mia na hamsini kulisikika mlio kama wa kitambaa kupasuka. Gasketi iliruka, na maji yakafoka kwa nguvu kuvuka kitanda na kuyapiga majani pale pale alipokuwa amesimama Kwamboka. Yalikuwa maji baridi tu. Kwamboka alijifunika kinywa kwa kitambaa chake. Hakuna aliyeungua.

Mtu angefikiri kwamba wakulima wangembeba Obwocha begani. Hawakumbeba. Mgeni wa heshima alirudi Nairobi bila kukata utepe, majani ya siku ile yakamwagwa, na waliopoteza majani hawakumlaumu aliyedanganya, walimlaumu aliyesema. Obwocha alibadilisha gasketi, akapima upya, akalala mwenyewe kando ya pampu. Siku ya sita akaifungua rejeta kama ifaavyo: feni kwanza, koki ya kutolea maji ikiwa wazi, watu wote nje, na gurudumu la vali likizungushwa robo tu, kisha kungoja mpaka bomba lipate joto bila kugonga, kisha robo nyingine. Hewa ya moto ilipanda katika majani, na harufu ya chai inayonyauka ikajaa nyumba nzima. Hapakuwa na hotuba.

Mwezi uliofuata barua ilifika. Bwana Z. Obwocha ameachishwa kazi kwa kuthibitisha kwa sahihi yake kipimo ambacho hakikuwa cha kweli. Chini kabisa, pembeni, zilikuwapo herufi mbili ndogo za aliyeipiga chapa: I.M. Kamati ya kiwanda ilisema yenyewe huongozwa na maandishi, na kwa maandishi Mogire hakuwa na kosa lolote.

Kanisa nalo liliketi. Wazee walimwita Mogire, wakamkemea kwa kufanya kazi ya mikono siku ya Sabato, wakamweka kando miezi mitatu. Juu ya uongo hawakusema neno. Juu ya mjane aliyesimamishwa mbele ya mvuke hawakusema neno. Yaani kosa lake lilikuwa siku, halikuwa tendo. Angalisukuma pampu ile Jumapili, angalikuwa mtakatifu. Miezi mitatu ilipokwisha alirudi kwenye kiti chake cha mbele, na mwaka uliofuata akawa meneja msaidizi. Obwocha aliendelea kwenda kanisani, ila alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango.

Mwaka wa 1978 kiwanda kilinunua rejeta ya pili. Jioni moja Kwamboka alifika kwa kaka yake moja kwa moja kutoka kazini, akamkuta na bomba la mkulima mapajani.

"Meneja msaidizi anakusalimu," alisema. "Anauliza kama utakuja kuwaangalizia. Anasema wanafuata desturi yako. Ijumaa mpaka Jumamosi, na chaki."

"Pampu wanaifunga kwa kitu gani?"

"Siku hizi ni kufuli. La Kiingereza, zuri."

"Na ufunguo?"

Kwamboka alitazama chini. "Anao yeye."

Obwocha alikaza nati. "Mwambie nimemsikia," alisema. "Watafungua mvuke lini?"

"Jumatatu asubuhi."

"Basi Jumatatu wewe unaumwa tumbo."

"Kaka, mimi siumwi."

"Unaumwa, Kwamboka. Na Bosibori wa kitanda cha pili anaumwa. Mwambie yeye na wenzake wote. Tumbo baya sana."

Jumatatu hiyo wanawake sita wa vitandani walikuwa nyuma ya nyumba ya Obwocha wakimenya ndizi zake, wakicheka ugonjwa wao. Saa mbili king'ora cha kiwanda kililia kwa utaratibu, kile cha kuanza kazi mvuke ukisha kufunguliwa, na si kile cha hatari. Rejeta ilikuwa imestahimili.

"Umeona?" Bosibori alisema. "Tumepoteza siku bure, fundi. Labda ametubu."

"Labda," Obwocha alisema. Akaliweka bomba chini mbele yake, limejaa maji, limekazwa. "Haya, Bosibori, watoto hawajambo? Na ng'ombe? Na mama mkwe?" Akamuuliza na mengine, moja baada ya jingine, macho yake yakiwa kwenye kiungo cha bomba.